Miaka miwili na M yenye ISO otomatiki

Kwa miaka miwili sasa gurudumu la modi kwenye kamera yangu limekaa kwenye M, modi ya kupanga kwa mkono, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuukuza mwanga, nimeiachia kamera ijichagulie. Kasi ya shata naipanga mwenyewe, tundu la lenzi nalipanga mwenyewe, kisha kamera inatafuta ISO ya kuifanya picha isiwe giza wala isiungue. Nimepiga hivyo ndege, mbio za watoto na kwaya ukumbini, na faili nilizohifadhi zimepita 20,000. Hakuna lenzi niliyowahi kununua iliyobadilisha upigaji wangu kama kipengele hiki. Hakuna pia kilichoniumiza kama asubuhi moja niliyokiamini pasipostahili. Kwa hiyo nitakisifu na kukilaumu humu humu.

Kamera zangu sitazitaja majina. Ya kwanza ilikuwa na gurudumu moja la mipangilio, ya sasa ina mawili, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko jina lililoandikwa juu ya kioo.

Nianze na kilichonivutia. Binti wa dada yangu anakimbia mita 200. Kwenye uwanja anaofanyia mazoezi, kona iko juani kabisa, halafu sehemu iliyonyooka inapita chini ya safu ya miti mirefu. Anatoka kwenye jua kali na kuingia kivulini katika hatua tano au sita, na uso wake unapendeza zaidi pale pale kwenye mpaka, anapoanza kukaza. Zamani nilitumia modi ya A: mimi nachagua tundu, kamera inachagua shata. Juani picha zilikuwa safi. Akishaingia kivulini, kamera inashusha shata hadi 1/125 ya sekunde, na miguu inageuka moshi. Nikajaribu M yenye ISO niliyoipanga kwa mkono. Hapo nililazimika kuchagua kipande kimoja cha mbio na kukipoteza kingine, kwa sababu hakuna kidole kinachoweza kuzungusha ISO wakati mtoto anakuja mbio huku jicho liko kwenye kitundu cha kuchungulia.

Kwa M yenye ISO otomatiki naweka shata 1/1000 na tundu f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), basi. Juani kamera inachukua ISO 125 hivi. Kivulini inapanda hadi 1000, mara nyingine 1600 wingu likipita. Kila ISO ikiongezeka mara mbili ni stopu moja ya mwanga, kwa hiyo kutoka 125 hadi 1000 ni stopu tatu, na kamera inazivuka kati ya picha moja na inayofuata bila mimi kugusa kitu. Miguu imeganda kote kote. Picha ya kivulini ina chenga, yaani punje punje, kidogo zaidi, na hilo nalikubali kwa moyo mweupe. Chenga zinapungua kwa programu ya kuhariri. Mguu uliogeuka moshi haurudi.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Lenzi ninayoitumia uwanjani ni ya kuvuta, milimita 70-300, na ni ile aina ambayo tundu lake kubwa kabisa linabadilika: f/4.5 ikiwa fupi, f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Ukiwa kwenye M na ISO isiyobadilika, umefungua tundu lote kwenye 70, kisha ukavuta hadi 300, picha inapungua mwanga kwa theluthi mbili za stopu na huenda usigundue mpaka ufike nyumbani. ISO otomatiki inalifidia pengo hilo kimya kimya. Wenye lenzi za f/2.8 mwanzo hadi mwisho hawalijui tatizo hili. Sisi wa lenzi nyepesi tunaishi nalo kila siku.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya wengi, na ambalo naona vitabu vya maelezo vinavyokuja na kamera havilisemi kwa uwazi unaostahili. Mdogo wangu aliazima kamera yangu wiki moja. Siku ya pili akanijia na uso wa mtu aliyechoka.

"Dada, hii kamera ina hitilafu. Picha inang'aa mno. Nimezungusha shata kutoka 1/250 hadi 1/1000, bado inang'aa vile vile."

"ISO umeiweka wapi?"

"Sijaigusa. Iko kama ulivyoiacha."

Hapo ndipo penyewe. Kwenye M ya kawaida, ukiongeza kasi ya shata picha inakuwa nyeusi zaidi. ISO ikiwa otomatiki, unaongeza kasi na kamera inapandisha ISO kwa kiasi kile kile ulichopunguza. Kutoka 1/250 hadi 1/1000 ni stopu mbili chini, kamera ikaongeza stopu mbili juu, picha ikabaki na mwanga ule ule. Herufi M iko pale kwenye gurudumu, lakini hali hii ni ya otomatiki. Aliyepanga mwanga wa picha ni kipima-mwanga cha kamera. Wewe umepanga jinsi mwendo utakavyoonekana na jinsi nyuma patakavyokuwa laini. Ni mamlaka makubwa hayo, ila mwanga wenyewe umeukabidhi, na asiyelielewa hilo atazungusha magurudumu mchana kutwa akidhani kamera imeharibika.

Na kipima-mwanga hakijui unapiga nini. Kinadhani, kwa jumla, kwamba ulimwengu ulio mbele yake ukichanganywa wote utatoa rangi ya kijivu cha kati. Kamera za sasa zina akili zaidi ya hapo, zinagawa fremu vipande vingi na kuvilinganisha, lakini mwelekeo ni ule ule: giza likijaa kwenye fremu, inataka kulitoa gizani, weupe ukijaa, inataka kuuzima.

Hii inanirudisha kwenye asubuhi ile. Kuna dimbwi ninalolipenda ambapo yangeyange hutua kwa makundi. Nilifika mapema, nikalala kifudifudi kwenye nyasi, nikasubiri. Saa tatu hivi jua limeshapanda, mbingu haina wingu hata moja, na ndege kama 40 wako upande wa pili wakiwa na ukuta wa miti mieusi nyuma yao. Kasi 1/2000, tundu f/5.6, ISO otomatiki kama kawaida. Wakaruka wote kwa pamoja. Walipita mbele ya miti, wakapanda juu ya miti, wakazunguka dhidi ya mbingu, wakarudi. Nilishikilia kitufe kwa karibu dakika nzima.

Nyumbani nikafungua faili. Mbele ya miti kamera ilikuwa imechukua ISO 1250, kwa sababu fremu ilijaa giza na ndege walikuwa vidoa tu. Manyoya yameungua. Palipokuwa na bawa sasa kuna karatasi nyeupe tupu, hakuna unyoya hata mmoja unaoonekana, na hata faili la RAW, lile ghafi lenye kila kilichonaswa na kihisi, halikuwa na kitu cha kurudisha. Dhidi ya mbingu kamera ikashuka hadi 160, na ndege wale wale, chini ya jua lile lile, wakawa wa kijivu kama wamepakwa majivu. ISO iliyofaa ilikuwa 320 au karibu na hapo, na ilikuwa ni hiyo hiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Jua halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kilichokuwa nyuma ya ndege.

Nilikaa na picha zile usiku mzima, nikiziweka pamoja na za mbio, mpaka swali likajitokeza, na tangu siku hiyo najiuliza kabla sijainua kamera: mwanga unaomwangukia ninayempiga unabadilika, au panabadilika nyuma yake tu? Mtoto anayetoka juani na kuingia kivulini, mwanga wake mwenyewe unabadilika, na hapo ISO otomatiki ni neema. Yangeyange anayeruka kwenye jua moja mbele ya miti kisha mbele ya mbingu, mwanga wake ni ule ule, na hapo ISO otomatiki inafukuza kitu kisichohusika. Sasa nikifika dimbwini napiga ndege mmoja aliyetulia, natazama kama sehemu nyeupe zinamweka kwenye skrini kuonyesha zimeungua, nashusha mpaka ziache, kisha naifunga ISO kwa mkono na siigusi tena mpaka jua lenyewe libadilike. Gurudumu linabaki M. Ni ISO tu iliyotoka kwenye otomatiki.

Katikati ya hali hizo mbili kuna mahali pagumu, napo ndipo kamera nzuri inapojitenga na kamera ya wastani. Chukua ndege mweupe anayepita kwenye vivuli vya matawi: mwanga unabadilika, na nyuma panabadilika pia. Hapo nahitaji kuiambia kamera, "endelea kuchagua, lakini punguza stopu moja kuliko unavyofikiri." Hiyo ni kazi ya kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwenye kamera yangu ya kwanza kitufe hicho kilikuwepo, lakini kwa kuwa gurudumu lilikuwa moja tu, ukiwa M kilitumika kubadilisha tundu: unakibonyeza huku unazungusha. Njia ya kuipunguzia ISO otomatiki haikuwepo. Kwa hiyo niliishia kukubali anachosema kipima-mwanga au kuizima otomatiki kabisa. Kamera ya pili ina gurudumu la pili na inaruhusu fidia hiyo ya kujumlisha na kutoa hata kwenye M. Kama kuna jambo moja la kukagua kabla hujanunua kamera kwa ajili ya kazi hii, ni hilo. Weka M, weka ISO otomatiki, jaribu kuweka -1. ISO ikishuka kwa nusu, umepata. Isiposogea, umeuziwa nusu ya kipengele.

Watengenezaji hawakufika hapa siku moja. Pentax K10D ya 2006 iliweka modi yake kabisa kwenye gurudumu, TAv: chagua shata na tundu, ISO itajichagua. Naliheshimu wazo hilo mpaka leo, kwa sababu liliita jambo kwa jina lake. Anayezungusha hadi TAv anajua yuko kwenye otomatiki ya aina gani, wala hadanganywi na herufi M. Miaka miwili baadaye Canon EOS 5D Mark II, kamera iliyosifiwa kote kwa mengine, ilikuwa na ISO otomatiki iliyojifunga kwenye 400 pindi ukiingia M, yaani haikuwa na manufaa yoyote hapo. EOS 7D Mark II ya 2014 tayari iliruhusu ISO itembee kwenye M na fidia ifanye kazi. EOS R ya 2018 ikaja na Fv, modi ambayo kila kimoja, shata, tundu na ISO, unaweza kukipanga au kukiachia bila kuhama modi. Kwenye Fujifilm za magurudumu ya kizamani hakuna hata cha kutafuta kwenye menyu: geuza la shata, geuza pete ya tundu, weka la ISO kwenye A.

Mipaka ya ISO nayo inataka maneno. Menyu inakuuliza ISO ya juu kabisa utakayoiruhusu. Mimi nimeweka 6400 baada ya kuchapisha picha kadhaa za 3200, 6400 na 12800 na kuzitazama ukutani kwa wiki nzima, kwani skrini ya kompyuta ikikuzwa asilimia 100 hutisha kuliko karatasi. Ujue lakini kwamba kwenye M kamera ikigonga dari hilo haina pa kwenda. Haitashusha shata, haitafungua tundu, maana hivyo umevifunga wewe. Picha itatoka giza. Menyu ile ile ina sehemu ya kasi ndogo kabisa ya shata, na watu huhangaika nayo. Kwenye M haina kazi. Hiyo ni ya modi ya A.

Sakafu inasahaulika zaidi kuliko dari. Siku moja baada ya mbio nilimwita yule mtoto nimpige picha ya uso, nikabadilisha lenzi, nikafungua hadi f/2.8, shata ikabaki 1/1000 pale pale juani. ISO ikashuka hadi 100, na kamera yangu haishuki chini ya hapo. Kwa jua lile f/2.8 ilihitaji karibu 1/3200. Nilikuwa nimezidisha zaidi ya stopu moja na nusu, na onyo pekee lilikuwa namba ndogo iliyokuwa inawaka na kuzima pembeni ya kitundu. Paji lote la uso limeungua. Kwa hiyo jifunze kuitazama namba ya ISO. Ikikaa 100 bila kutikisika, kamera haina tena nafasi ya kukusaidia, na ni wewe wa kuongeza kasi.

Kuitazama namba hiyo kuna faida nyingine. Chenga kwenye picha zinatokana zaidi na uchache wa mwanga uliofika kwenye kihisi, na ISO kubwa ni dalili ya uchache huo. Dawa ni kuingiza mwanga zaidi inapowezekana. Mdiria akitulia juu ya tawi hana haja ya 1/2000. Nashusha hadi 1/250, stopu tatu nzima, na ISO inateremka yenyewe kutoka 3200 hadi 400. Akiinamisha kichwa kama anataka kupiga mbizi, narudisha gurudumu haraka. Hii ndiyo raha hasa ya hali hii: kidole kimoja kinabadilishana ubora na kasi, na mwanga wa picha haupotei katikati.

Ukumbini ni habari nyingine. Nilipiga kwaya chini ya taa za umeme kwa 1/500, na kila picha ikawa na mwanga wake na rangi yake, moja ya manjano, ya pili ya kijani, ya tatu nusu ya chini imefifia. Taa nyingi zinapepesa mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde unazifanya zipepese mara 100, na shata ya 1/500 inanasa kipande tu cha mpepeso. ISO otomatiki ilizidisha vurugu, maana nayo ilikuwa inaukimbiza mpepeso. Kwa 1/100 shata inameza mpepeso mzima, na hali ikatulia. Modi za otomatiki za kawaida hazijui kuchagua 1/100 kwa sababu hiyo. M inakupa nafasi ya kuilazimisha. Hata hivyo ukumbini siku hizi ninaifunga ISO pia, kwa sababu taa hazibadiliki na waimbaji wana majoho meusi na karatasi nyeupe mikononi. Kila nikisogeza fremu uwiano unabadilika, na kuhariri picha 300 zenye mwanga 300 tofauti ni kazi ya kuvunja moyo.

Flashi, picha za kuunganisha za mandhari pana, na nyota: izime ISO otomatiki. Kwa flashi kila kamera ina tabia yake na zangu mbili hazikufanana. Picha za kuunganisha zinahitaji mwanga mmoja kutoka kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Anga la usiku halina cha kupimwa. Kwenye video inanifaa nikiwa natembea kutoka nje kwenda ndani, kwa sababu shata inabaki 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde na mwendo unabaki wa kawaida, ingawa ukitazama kwa makini utaona mwanga unapanda kwa vingazi.

Kwa anayeanza kabisa, ushauri wangu ni aishi kwanza na M yenye ISO isiyobadilika mpaka aweze kukisia mwanga kabla ya kupiga. Miezi miwili inatosha. Akija huku baada ya hapo ataona mara moja kipima-mwanga kinapokosea. Kwa anayepiga michezo, watoto, au wanyama wanaoingia na kutoka vivulini, sioni njia bora zaidi. Nakipa kipengele hiki alama 9 kwa 10 kwenye kamera yenye fidia ndani ya M, na 5 kwenye isiyo nayo.

Mpangilio wa mwisho niliouongeza ni wa mwezi uliopita. Kitufe kilicho chini ya kidole gumba, kile cha kufunga kipimo cha mwanga, nimekipangia kibaki kimefunga nikikibonyeza mara moja. Naiacha ISO otomatiki nikiwa njiani kuelekea dimbwini, kwa lolote litakalochomoka kichakani. Nikilala kwenye nyasi naelekeza kamera kwa ndege mmoja hadi ajaze fremu, nimeshapunguza au kuongeza stopu inavyotakiwa, nabonyeza gumba, na ISO inaganda. Jumamosi iliyopita iliganda kwenye 250. Wakaruka mbele ya miti, wakavuka mbingu, wakarudi, na safari hii unyoya mmoja mmoja unahesabika kwenye bawa.